Nyumba Yangu, Kiwanja cha Mwenzangu

Katika sanduku la mvule alilotuachia nyanya yangu, mamake mama, chini ya kanga alizoziweka kwa siku kubwa na chini ya kopo la udi uliokwisha harufu, lilikuwamo bunda la stakabadhi lililofungwa kwa ukili, kila stakabadhi ikiwa imekunjwa mara mbili na kutiwa ndani ya nyingine, kuanzia ile ya awali ambayo wino wake ulikwisha kuwa hudhurungi, hadi ile ya mwisho iliyopigwa muhuri wa zambarau. Na zote pamoja zilikuwa zikishuhudia jambo moja, kwamba bibi huyu amelipa kodi ya kiwanja kwa mwezi uliotajwa na wala hadaiwi. Nilizifungua mara ya kwanza nikiwa kijana wa skuli, nami nikastaajabu sana, maana hakuna katika jamaa zetu aliyekuwa na shaka kwamba nyumba ile ya Majengo, Mombasa, ilikuwa milki yake: aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, akaiezeka mara kadhaa, akapangisha vyumba vyake na kupokea kodi kwa mkono wake, na siku ya Idi sote tulikwenda kwake tukisema tunakwenda nyumbani. Iweje basi mwenye nyumba, anayelipwa kodi na wengine, awe yeye naye analipa kodi kila mwezi wa Mungu kwa zaidi ya miaka thelathini?

Jawabu la swali hilo limefungamana na historia ya miji yetu yote ya pwani, na mtu anayejiandaa leo kununua nyumba yake ya kwanza, akiwa Mombasa au Tanga, Unguja au Dar es Salaam, atapata humo mafunzo mengi kuliko atakayoyapata katika matangazo ya wauzaji. Kwa sababu matangazo humwambia bei tu, ilhali wazee wetu walikwisha kujua, tena kwa hasara, kwamba katika pwani hii nyumba moja aghalabu ni mali mbili, na kwamba mwenye kuhesabu fedha kabla hajauliza ardhi ni ya nani huwa ameanza hesabu yake katikati.

Sheria ya Kiingereza, ambayo ilifika huku ikatukuta tumekwisha kujenga miji, hushika kanuni kwamba chochote kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Ada ya pwani, ikiungwa mkono na hukumu za makadhi, haikuwa hivyo. Mnazi uliweza kuwa wa mtu na mchanga ulimoota ukawa wa mtu mwingine; mkarafuu uliweza kurithiwa, kuuzwa na kuwekwa rahani peke yake, pasipo shamba; na kadhalika nyumba, kuta zake na paa lake na milango yake, iliweza kuwa milki kamili ya aliyeijenga, akairithisha watoto wake kwa mafungu ya sharia, ilhali udongo uliokuwa chini yake haukupata hata siku moja kutoka katika miliki ya mwenyewe. Zamani, kabla fedha haijawa kipimo cha kila jambo, mwenye ardhi alimruhusu jirani, au mtu aliyemtegemea, au mtumwa aliyeachwa huru, ajenge kibanda chake pasipo malipo ya maana, na alichokipokea kilikuwa heshima, utumishi wa hapa na pale, na kusimamiwa katika arusi na matanga yake. Mpango huo ulikuwa na upole wake, lakini ulikuwa na mwiba pia, kwa kuwa haukuandikwa popote, na jambo lisiloandikwa hufa na waliolijua.

Wenye uwezo walijenga kwa mawe, na hao tusiwapite upesi, maana matayarisho yao yalikuwa elimu nzima. Katika Lamu na Pate, na hali kadhalika katika Mombasa ya kale na Unguja, mtu aliyeazimia kujenga nyumba ya mawe hakuanza kwa kumwita fundi. Alianza kwa kuchoma chokaa. Magogo yalipangwa kwa duara, gogo juu ya gogo, na juu yake yakarundikwa matumbawe na mawe ya pwani, kisha moto ukawashwa na kuachwa ule mpaka rundo lote lititie. Baadaye chokaa ile ikamwagiwa maji na kuachwa ilale miezi mingi ipate kuiva, kwa kuwa chokaa changa hupasuka ukutani na kumwaibisha fundi. Boriti zilikatwa katika mikoko, zikaletwa kwa mashua, zikakaushwa. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari ya chokaa na kokoto ikiwa ndefu mno, vyumba vya nyumba hizo vyote vikawa vyembamba, upana wake dhiraa sita hivi, yaani mita tatu kasoro, na virefu kadiri mwenyewe apendavyo. Anayeingia leo katika nyumba ya Lamu akaona daka, kisha tekani, kisha ndani, chumba nyuma ya chumba kama kurasa za kitabu, na huku ukutani zidaka zimepangwa safu juu ya safu, anaona uzuri. Lakini chini ya uzuri huo ipo hesabu ya mti mmoja na uzito uwezao kuuhimili.

Aidha, nyumba hizo hazikujengwa kwa mkupuo. Ilikuwa desturi kwa jamaa wenye mali wa Lamu kumpa binti nyumba, au kumwongezea ghorofa juu ya nyumba ya wazee wake, ili aolewe akiwa ndani ya kuta zake mwenyewe na mume ndiye ahamie. Na pale kiwanja kilipokuwa kimebanwa na njia, walivusha chumba juu ya njia yenyewe, wakakiita wikio, kikaunganisha nyumba ya mama na nyumba ya mwana. Kwa hiyo baba mwenye busara alianza kujitayarisha tangu binti akiwa mdogo: mwaka huu chokaa, mwaka ujao boriti, mwaka wa tatu mlango kwa mchongaji. Nataka msomaji atue hapa kidogo, kwa sababu jambo hili tunaliona hata leo kwa wale wanaonunua matofali mia mbili kila wapatapo mshahara wakayapanga kiwanjani, na wajuzi wa mabenki huwacheka wakisema fedha hiyo imelala. Mimi siwacheki. Fedha iliyo mkononi ina ndugu wengi na shida nyingi zinazoijua njia ya kwetu, ilhali chokaa iliyolala shimoni hakuna anayekuja kuiazima kwa ajili ya arusi. Na wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali.

Amma kuhusu mikopo, yeyote anayedhani kwamba watu wetu hawakuijua mpaka mabenki yalipokuja, na azitazame hati za Unguja za karne ya 19. Kwa kuwa riba ni haramu, na kwa kuwa biashara ya pembe, karafuu na misafara ya bara haikuweza kwenda bila ya kukopeshana, watu wa Omani, Waswahili na matajiri wa Kihindi walitumia mwamala ulioitwa bei khiyari: mwenye nyumba au shamba alimwuzia mkopeshaji mali yake kwa reale kadha wa kadha, kwa sharti kwamba akizirejesha katika muda waliopatana, labda mwaka mmoja au miwili, mali itamrudia, na katika muda huo wote muuzaji akaendelea kukaa katika nyumba ile ile aliyoiuza, ila sasa akilipa ijara kama mpangaji. Kwa maandishi hapakuwa na riba. Kwa mfuko wa mdaiwa, ijara ile ilikuwa ndiyo riba yenyewe, na muda ulipokwisha kabla ya fedha kupatikana, mauzo yakawa ya daima, na mtu akaamka mgeni katika nyumba ya babake. Miaka ya 1930, karafuu zilipoanguka bei, madeni ya namna hii na ya namna nyingine yaliwalemea wenye mashamba wa Unguja na Pemba hata serikali ikaingilia kati kwa sheria ya mwaka 1934 ya kuzuia ardhi yao isihamie kwa wadai. Kukopa arusi, kulipa matanga. Wala sijui methali inayomfaa zaidi mtu anayeingia katika mkopo wa nyumba akiwa amesoma kiasi cha fedha atakachopewa, na hakusoma siku ambayo nyumba yake itatoka mkononi mwake.

Sasa turudi Mombasa. Mwaka 1895 Uingereza ilipochukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi kutoka kwa Sultani wa Unguja, na mwaka uliofuata kazi ya reli ilipoanza kisiwani, ardhi ambayo jana ilikuwa ya kulishia mbuzi ikawa na bei, na penye bei hapakosi wadai. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi aende mbele ya msajili na mashahidi wake na vithibitisho vyake, apewe cheti. Na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Waliojua kusoma, waliokuwa na mawakili, waliokuwa mjini wakati huo, walipata vyeti. Waliokuwa shambani, wajane, mayatima, na wale ambao ushahidi wao wote ulikuwa ni kaburi la babu na mwembe alioupanda, wengi wao walipitwa. Hii ndiyo siku ambayo ardhi ya pwani iliacha kuwa jambo la kujulikana na ikawa jambo la kuandikwa, na athari zake hatujazimaliza.

Baada ya hapo bandari ya Kilindini ikakua, gati za kina kirefu zikajengwa katika miaka ya 1920, na makuli, mabaharia, mafundi na watumishi wakafurika mjini wakitafuta pa kulala. Wenye vyeti wakaona faida: walikata ardhi zao viwanja viwanja, wakaruhusu watu wajenge nyumba za Kiswahili, na wakatoza kila nyumba kodi ya kiwanja kwa mwezi. Hapo ndipo nyumba bila ardhi, ambayo zamani ilikuwa ihsani baina ya jirani na jirani, ilipogeuka kuwa biashara. Mwenye kiwanja hakutoa senti ya kujenga wala ya kukarabati, na bado akala; mwenye nyumba naye aliweza kujenga kwa fedha ndogo, kwa kuwa hakununua ardhi. Lakini kulikuwa na sharti lililotawala sura nzima ya mitaa hiyo: aghalabu mwenye kiwanja hakuridhia ujenzi wa mawe, kwa kuchelea kwamba nyumba ya kudumu italeta madai ya kudumu. Kwa hiyo zikasimama nyumba za miti, fito na udongo, zikasiribwa kwa chokaa na kuezekwa makuti au madebe yaliyopasuliwa, na wageni waliopita wakaandika kwamba Waswahili hawajui kujenga, wasiulize ni nani aliyewazuia.

Unguja mambo yalifikia kupasuka. Katika Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe, watu waliokuwa wamejenga kwa ridhaa ya wenye ardhi walijikuta katika miaka ya 1920 wakidaiwa kodi za viwanja zinazopanda juu, na mwaka 1928 wakagoma kulipa, wakidai kwamba nyumba ni zao na kwamba ada haikuwa hivyo. Mgomo ule ulitikisa mji, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzibana kodi za viwanja. Nairobi hawakupata nafuu hata hiyo: kijiji cha Pangani, kilichojengwa na Waswahili na watu wengine wa makabila mengi tangu siku za mwanzo za mji ule, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba, wengi wao wanawake waliojenga kwa jasho la miaka, wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo.

Katika hali hiyo nyanya yangu alinunua nyumba, na nitaeleza alivyofanya, kwa kuwa sijapata kuona matayarisho yaliyo bora zaidi.

Alikuwa katika upatu wa wanawake kumi na wawili, kila mwezi mmoja wao akipokea mchango wa wote, na kijumbe wao alikuwa mshona kofia wa mtaa wa pili aliyeaminiwa na kila mtu. Wenziwe waligombania zamu za mwanzo. Yeye aliomba ya mwisho. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwamba anayepokea mwanzo amekopa na anayepokea mwisho ameweka, na yeye hakutaka kununua nyumba kwa deni la mashoga zake. Akacheza duru tatu namna hiyo. Juu ya hapo aliuza bangili mbili za dhahabu kati ya nne alizokuwa nazo, akabakiza mbili, na hizo mbili zilizobaki ndizo zilizonifunza mengi zaidi baadaye, maana hakuzibakiza kwa urembo. Alizibakiza kwa kuwa alijua kwamba siku ya kuingia ndani ya nyumba ndiyo siku ambayo nyumba huanza kudai. Masika ya kwanza paa lilivuja, na bangili moja ikaenda kwa sonara.

Kabla ya kununua alikwenda mara nne kuiangalia nyumba ile, mara moja mchana, mara moja usiku apate kuwajua majirani, mara moja siku ya mvua, na mara ya mwisho akiwa na fundi aliyechoma nguzo kwa kisu ili kujua kama mchwa wamekwisha kuingia. Nyumba njema si mlango, na hilo wengi hulisema, lakini wachache hulichukulia kisu. Kisha akaenda kwa karani wa mwenye kiwanja, na hapo akauliza mambo ambayo mzee mmoja wa msikitini alimfunza: kodi imelipwa hadi mwezi gani, na je, kuna malimbikizo, kwa sababu deni la kodi hukaa na nyumba wala halimfuati aliyehama; je, mwenye kiwanja anaridhia nyumba ihamie kwa mwingine, na anataka ada gani kwa kubadilisha jina, na je, kodi itabaki ile ile au mnunuzi mpya ataongezewa. Alitaka majibu hayo yaandikwe, na karani akayaandika.

Siku ya mauzo walikusanyika barazani: muuzaji, ndugu zake wawili wa kiume, mashahidi, na mtu wa kuandika hati. Nyanya aliitia fedha katika pindo la kanga, akalifunga fundo. Walipokuwa karibu kuandika, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na dada yenu je?" Maana nyumba ile ilikuwa ya mirathi, na marehemu alikuwa ameacha pia binti, aliyeolewa Malindi. Ndugu wakasema dada amekwisha ridhia, ni mtu wa nyumbani, hana neno. Nyanya akasema kwamba yeye hana shaka na maneno yao, lakini sharia imempa mwanamke yule fungu lake, nusu ya fungu la kila ndugu, na angependa alisikie kutoka kwake. Akanyanyuka na fundo lake. Siku kumi na moja zikapita akikaa na fedha ile pindoni, akilala nayo, ndugu wakimtumia watu wa kumwambia kwamba yupo mnunuzi mwingine, na yeye akiwajibu kila mara kwamba kama ni riziki yake itamngoja. Siku ya kumi na mbili dada alishuka kwenye basi la Malindi, na ikabainika kwamba hakuwa ameambiwa lolote juu ya mauzo. Alipewa haki yake mbele ya watu wote, akatia dole gumba, ndipo fundo likafunguliwa.

Baada ya kuhamia, alijiwekea chumba cha mbele upande wa baraza na akapangisha vitatu. Kodi ya chumba cha kwanza ilikuwa ya kiwanja. Ya pili ilikwenda katika kopo la bati kwa ajili ya makuti, maana makuti hayadumu na kila baada ya miaka michache paa lazima livuliwe. Ya tatu ndiyo aliyoila. Kopo lile la makuti hakuligusa hata alipouguliwa. Nimewaona watu wenye shahada wakinunua nyumba wasiwe na kopo hilo.

Dar es Salaam ilifuata njia yake. Mji ambao Sayyid Majid aliuanza katika miaka ya 1860, na ambao Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891 badala ya Bagamoyo, ulipata Kariakoo yake baada ya ardhi iliyokuwa shamba la Mzungu kununuliwa na serikali kabla tu ya Vita Vikuu vya Kwanza, na jina lenyewe likatokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza. Huko kabaila wa kiwanja alikuwa serikali, na nyumba ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati na ua nyuma, ikawa ndiyo pensheni ya mjane na karani mstaafu: unakaa kimoja, unapangisha vitano. Katika mji huo, na vilevile Unguja na Mombasa, mpangaji wa mahali pazuri alitakiwa atoe kilemba, fedha ya kuingilia isiyo na stakabadhi, ambayo Wahindi nao huiita kwa neno lao lenye maana hiyo hiyo ya kilemba cha kichwani. Na anayejipangia fedha za makazi hata leo afahamu kwamba kilemba hakijafa, kimebadilisha tu majina.

Baada ya uhuru Tanganyika ilifuta umilikaji wa ardhi wa milele mwaka 1963, ardhi yote ikawa ya umma na mtu akapewa haki ya kuitumia kwa muda, ambao katika hati za mjini huwa miaka 33, 66 au 99. Na tarehe 22 Aprili 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi yakatwaliwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Unguja nako, baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi iliingia mikononi mwa dola. Kwa upande wa mikopo, Kenya ilianzisha kampuni ya fedha za nyumba mwaka 1965, na Tanzania ikaunda Benki ya Nyumba mwaka 1972, ambayo ilifungwa mwaka 1995 na kuwaacha wajenzi warudi kwenye tofali la mwezi kwa mwezi mpaka sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 ilipojaribu kufungua mlango upya. Niseme wazi kwamba sioni haya kuwa ni mambo ya wanasiasa pekee. Kila badiliko katika hayo lilimkuta mtu aliyekuwa ameweka akiba yake yote katika kuta, na aliyeumia kidogo ni yule aliyejua hasa ni haki ipi aliyonunua na mwisho wake ni lini.

Anayenunua leo hana mzee wa msikitini wa kumfunza, lakini maswali ni yale yale. Aende masijala ya ardhi kwa miguu yake, aisome hati na jina lililomo, atazame kama imewekwa rahani na kama imebakiza miaka mingapi. Asitosheke na nakala aliyoletewa na dalali, hata dalali akiwa mwana wa mtaa. Amwulize mke au mume wa muuzaji, kwa kuwa sheria za Kenya na za Tanzania zinataka ridhaa ya mwenzi katika kuuza au kuweka rahani nyumba ya ndoa, na awaulize warithi mmoja mmoja. Adai uthibitisho kwamba kodi za ardhi na za manispaa zimelipwa. Na katika hesabu yake asiandike bei peke yake, maana nchini Kenya ushuru wa stempu tu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali ya mjini na 2 kwa ya mashambani, na juu yake kuna wakili, mpima, na kuhamia kwenyewe. Mtu aliyefika siku ya mauzo na fedha kamili ya bei, bila ya ziada, hajafika. Na akinunua nyumba bila ardhi, jambo ambalo bado linafanyika Mombasa kila siku na halina aibu yoyote, ainunue kwa bei ya nyumba bila ardhi, na ajue kwamba kilicho chake ni kile kinachoweza kubebwa.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho. Mwenye kiwanja alifariki, warithi wake wakauza ardhi kwa mtu aliyetaka kujenga ghorofa, na nyumba kumi na nne katika safu yetu zikapewa notisi. Nyanya alikuwa mzee sana wakati huo. Alipeleka stakabadhi zake zote, bunda zima, na yule kijana aliyezipokea akazihesabu kwa adabu, akasema zimetimia, hakuna mwezi uliokosekana, kisha akamrudishia. Alipewa muda wa kuondoka na fedha kidogo ya kuhamia. Basi wajukuu tukapanda juu tukavua mabati, ambayo siku nyingi yalikwisha kuchukua mahali pa makuti, tukayafunga mafungu. Tukang'oa boriti moja baada ya moja, na zile zilizokuwa nzima zikawekwa kando. Tukavunja kiambaza kwa mikono na udongo ukarudi palepale ulipochimbwa. Nyanya alikaa juu ya kiti upande wa pili wa njia, akituelekeza tusipasue fremu ya mlango wa mbele, kwa kuwa mlango ule alikuwa amemlipa mchongaji kwa bangili ya mwisho.

Tuliutoa mzima. Sasa uko Kisauni, katika nyumba ya kakangu, ambaye kiwanja chake kina hati yenye jina lake na la mkewe. Ni mfupi kuliko fremu za siku hizi, hata fundi akalazimika kuuongezea ubao juu, na wageni warefu huinama wanapoingia.